Majina Arobaini na Matatu

Kaa karibu nikutegee kitendawili. Nina nyumba yangu, nimezaliwa nayo, sijaipangisha kwa mtu. Pasta anataka ufunguo wake. Karani anataka wake. Bwana anasema wa kwake uko mfukoni siku zote. Jirani analalamika kwamba yeye hajachongewa. Nami mwenye nyumba, nikifika mlangoni, nabisha hodi. Nyumba gani hiyo?

Fikiri taratibu. Usinipe mji bado, maana ukikurupuka kunipa mji nitauchukua na hutarudishiwa. Ngoja kwanza nikupeleke Durban, mwaka wa tisini na nane, kwa mwanamke aliyeitwa Médiatrice. Jina hilo wachache walilitumia. Watu walimwita mama Elysée, kwa jina la binti yake wa kwanza, na wewe mwite hivyo hivyo ukipenda.

Alikaa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, katika chumba kimoja cha ghorofani kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa dirisha ulikuwa wake, yeye na bwana wake Ladislas na watoto watatu. Upande wa mlango ulikuwa wa familia nyingine, na ndiyo maana katika nyumba ile watu walijifunza kugombana kwa kunong'ona. Ladislas alilinda magari kule Glenwood, jirani na chuo, akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa, akisubiri mwanafunzi atoe sarafu au asitoe. Médiatrice alisuka nywele. Wiki ambayo mikono yake ilisuka, nyumba ilikula. Wiki ambayo haikusuka, unajua mwenyewe.

Alikuwa na kitu kingine ambacho wengi katika kanisa lao la wakimbizi hawakuwa nacho, nacho ni mwandiko. Herufi zake zilisimama wima kama watoto wa shule mstarini. Kwa hiyo pasta Anaclet alimfanya mwandishi wa kanisa, na kila orodha ilipita mkononi mwake.

Na orodha hazikuwa chache. Mtu aliyekimbia vita amejifunza jambo moja: orodha ikipita, jiandike. Iwe ya blanketi, iwe ya unga, iwe ya vibali au ya watoto wa shule, jiandike kwanza, uulize baadaye. Asiyejiandika hupata habari zake kwa waliojiandika, wakiwa wamebeba mifuko.

Jumapili ile pasta alikuja na karatasi ya Kiingereza. Alikuwa amepewa na kanisa moja kubwa la wenyeji, kanisa lenye basi lake na viti vya sponji, na alitamani sana kanisa lile liwajue watu wake. Labda siku moja wangeandika barua ya kuwaombea vibali. Yeye mwenyewe aliisoma nusu, maana Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na kwaya ilikuwa imekwisha simama. Akasema kwa ufupi kwamba ni karatasi ya kuwalinda watoto wa nchi hii, na kila mtu mzima aandike jina.

Nani angekataa kuwalinda watoto? Médiatrice aliandika jina lake la kwanza kabisa, ili wino wa kalamu ukubali. La pili akaandika la Ladislas. La tatu la yaya Colette, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, mwenye saluni, mama wa makamo ambaye hakujua kuandika lakini alijua jina lake linavyoandikwa na hakumwamini mtu.

"T ni mbili," Colette alimwambia, akiinama juu ya bega lake. "Usinipunje T yangu."

Yalipohesabiwa, majina yalikuwa arobaini na matatu. Mtu mmoja akamwagia karatasi chai, na pasta akamwomba Médiatrice aende nayo, anakili upya safi, airudishe Jumapili ya pili kutoka ile, siku ambayo wageni wa kanisa kubwa wangekuja kuichukua.

Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Médiatrice alikuwa na mimba. Carmel, mtoto wake wa mwisho, alikuwa hajafikisha miezi tisa, bado ananyonya, bado anabebwa mgongoni kazini. Médiatrice alikuwa amekaa na jambo hilo wiki kadhaa, akalipima kila upande, na kila alipolipima jibu lilikuwa lile lile. Mikono yake haingeweza mtoto wa nne. Hakulia. Alianza kutafuta njia, kama mtu anavyotafuta chumba cha kupanga.

Njia aliyoiona ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale soko la Warwick, juu ya wauza mizizi na vichwa vya ng'ombe: karatasi ndogo, picha ya mwanamke ameshika tumbo, na namba ya simu. Aliinakili namba ile nyuma ya kadi ya kliniki ya Carmel.

*

Saluni ya Colette ilikuwa chumba chembamba ng'ambo ya roboti za Warwick, taa za barabarani kama wanavyoziita huko, juu ya duka la viatu. Juu ya mlango palipakwa rangi ya buluu jina SALUNI NINAHAZWE. Wateja waliokuwa wageni walidhani ni neno la Kizulu. Colette akiulizwa alisema ni jina la mdogo wake, marehemu, na kuanzia hapo alizungumza habari za nywele.

Pale walisuka wawili kwa kichwa kimoja. Colette alishika upande wa kushoto, Médiatrice wa kulia. Walianza kisogoni pamoja na kukutana utosini pamoja. Ndiyo kazi yenyewe. Mmoja akitangulia, mteja anatoka kichwa kimekaa upande. Kwa hiyo wawili hawa, ambao hawakuwa ndugu, walijuana mikono kuliko ndugu. Colette alijua siku ambayo mwenzake hakulala, siku aliyogombana na Ladislas, na sasa kwa siku kadhaa alikuwa anajua kuna kitu, hakusema.

Jumatano alikuja mteja wao Shamima. Shamima alizaliwa Durban hapo hapo, Mwislamu wa Chatsworth, wa wale ambao wazee wao waliletwa zamani kutoka pwani ya kwetu huku Afrika ya Mashariki. Aliongea Kiswahili cha bibi yake, kilichokatikakatika kama hariri ya zamani, akashonea Kiingereza palipotoboka. Kazi yake ilikuwa kupanga mafaili hospitali moja ya mjini. Walimvutia pazia, akavua mtandio, wakaanza.

Rasta ndogo huchukua masaa matano. Baada ya saa ya pili mtu husoma chochote. Shamima alinyoosha mkono chini ya kioo, akachukua karatasi iliyomwagikiwa chai, ambayo Médiatrice alikuja nayo kuinakili, akasoma. Akarudia kusoma.

"Hii mmeandika ninyi?"

Colette alisema ndiyo, ni ya kanisa, ya kulinda watoto.

"Haisemi hivyo," Shamima alisema. "Inasema: sisi tulioandika majina hapa chini tunawaomba wabunge waifute sheria inayomruhusu mwanamke kutolewa mimba hospitalini."

Mikono ya upande wa kulia ilisimama. Ya upande wa kushoto iliendelea, kisha nayo ikapunguza mwendo.

"Sheria hiyo iko?" Médiatrice aliuliza.

"Iko. Tangu mwaka jana. Kabla ya wiki kumi na mbili mwanamke anaenda, anaomba mwenyewe, hospitali ya serikali, halipi. Baada ya hapo pia inawezekana, lakini kuna masharti."

Hebu mwangalie mwanamke huyu. Amekaa wiki kadhaa na namba ya nguzo ya umeme nyuma ya kadi ya mtoto. Leo anaambiwa kulikuwa na mlango wa wazi siku zote, na habari za mlango huo anazipata kwenye karatasi ya kuufunga, na jina la kwanza juu ya karatasi ni lake, kwa mwandiko wake mzuri.

Colette alisema kwamba hata hivyo ni dhambi, na kwamba kwao Uvira sheria kama ile haiko.

"Na huko kwenu, mama," Shamima aliuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "bila sheria, wanawake waliacha?"

Colette alivuta uzi hadi Shamima akashika kiti kwa mikono miwili. Alisema tu, "Inamisha kichwa, dada," na hapo mazungumzo yalikwisha.

Jioni kichwa kilitoka kibaya. Kushoto mistari imelala sawa, kulia minne ya mwisho imelegea kama kamba ya nguo. Shamima alijiangalia kwenye kioo, akasema ni sharp, yaani sawa tu, akafunga mtandio. Alikuwa mtu wa adabu.

Alipoondoka, Colette alizoa nywele sakafuni muda mrefu kuliko nywele zilivyokuwa.

"Ni miezi ngapi?"

"Mbili na nusu hivi, yaya."

Colette alimwaga takataka kwenye ndoo. "Mimi sikusikia kitu," alisema. "Na wewe usinieleze."

*

Usiniulize Ladislas alikuwa mtu wa namna gani. Hakupiga, hakunywa, na pesa aliyopata aliileta. Médiatrice alimweleza akiwa anakula, Carmel akiwa amelala, na nyuma ya pazia watu wengine wakisikiliza redio. Alimweleza mimba, halafu sheria, halafu karatasi.

Bwana huyo hakuuliza kwanza kuhusu mimba. Aliuliza kuhusu karatasi.

"Jina la kwanza ni lako, la pili ni langu," alinong'ona. "Wabunge wakishika ile liste, halafu hospitali ilete jina lako lile lile, serikali itasema nini? Watu hawa ni waongo. Na kibali chetu kinaisha mwezi wa nane."

Usimcheke. Wote wawili waliamini kwamba orodha zote hukutana mahali fulani, katika ofisi moja yenye taa nyeupe, na kwamba yuko mtu anayezilinganisha. Ukishahesabiwa kambini, ukapigwa muhuri mpakani, ukapangwa foleni kwa herufi ya jina lako, na wewe ungeamini.

Akamwomba angoje mpaka wapate vibali.

"Tumbo halingojei kibali, baba Elysée."

Akasukuma sahani. Médiatrice aliosha vyombo.

Jumanne alikwenda hospitali peke yake, Carmel mgongoni. Foleni ilianza nje. Alipofika dirishani saa nne, karani alimuuliza shida yake, na Médiatrice alikuwa amejifunza maneno matatu ya Kiingereza kwa jambo hilo. Aliyasema taratibu. Karani akamtaka ayaseme tena kwa sauti. Akayasema kwa sauti. Foleni yote nyuma yake ikainua vichwa.

Karani alimwita mwenzake wa dirisha la pili aje amwone. Walizungumza Kizulu, na katika maneno yote Médiatrice alilijua moja, lile wanaloitwa wageni, makwerekwere, maana alilisikia kila siku njiani. Mwenzake akacheka kidogo, akarudi kwenye biskuti zake. Karani akauliza kibali kiko wapi, akakigeuza geuza mwangani. Akauliza mtoto wa mgongoni ni wa nani. Halafu akaandika neno moja kwenye kikaratasi, akakipigia mstari mara mbili, akakisukuma chini ya kioo: bwana. Alete bwana, asaini. Bila bwana, hakuna.

Mzee mmoja kwenye foleni alimsogezea kiti akae anyonyeshe, kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko biskuti za yule mwingine.

Ladislas alikisoma kikaratasi akiwa amesimama, bado na kizibao chake. Alivua kizibao, akakikunja mara nne.

"Kule nimeandikwa nakataa," alisema. "Hapa nisaini nakubali. Mimi siwezi kuwa pande mbili na kalamu moja. Fanya unavyoona, lakini jina langu liache."

Basi asubuhi yake, kabla ya kwenda saluni, Médiatrice aliingia duka la simu na kupiga namba ya nguzo ya umeme. Sauti ya mwanamume ilimwambia Jumamosi, three hundred, ghorofa isiyo na kibao, aje na khanga ya zamani, asije na mtu, asimwambie mtu. Hakuulizwa jina. Hilo peke yake lilimpa nafuu, kwamba palikuwa na mahali hapa duniani pasipo na orodha.

*

Jumatano hiyo hiyo Shamima alirudi. Mistari minne ya kulia ilikuwa imefumuka, na alikuja kwa haki yake irudiwe. Colette alikuwa amekwenda sokoni kununua nywele. Médiatrice aliomba radhi, akaanza kufumua, na alipotoa kitana kwenye mfuko wa aproni kikaratasi cha karani kikaangukia mapajani mwa mteja.

Shamima aliuliza ni nini. Aliposimuliwa yote, hata ya Jumamosi, alitaka kusimama na nusu ya kichwa.

"Bwana? Nimepanga mafaili yale mwaka mzima. Sheria haina neno bwana. Haina baba, haina pasta. Anayetakiwa kukubali ni mwanamke, basi."

"Lakini yeye ndiye karani, dada."

"Ndiyo hivyo sasa. Bungeni bado hawajaifuta, dirishani wameshaifuta." Alikaa, akavuta pumzi. "Eish. Umefika wiki ngapi?"

Médiatrice alihesabu kwa vidole, akatumia mkono wa Carmel vilipomwishia. Shamima akamwambia asiende Jumamosi mahali popote. Kesho, saa moja asubuhi, amkute mlango wa nyuma, pale wanapoingizia mikate.

*

Sista Cele, sista kwa maana ya muuguzi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Wauguzi wa chumba alichofanyia kazi walikuwa sita, na yeye peke yake ndiye aliyekubali kujifunza kazi ya kutoa mimba na kuifanya. Wengine walikuwa wameikataa, ni haki yao. Walikuwa pia wameacha kumwekea kikombe saa ya chai, na hilo sijui ni haki ya nani. Alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Yote haya Shamima aliyaeleza kwenye ngazi, ili Médiatrice asishangae chumba kikiwa kimya.

Sista alimpima. Wiki kumi na moja na siku mbili. Alisema angechelewa wiki moja tu, mambo yangekuwa marefu, na kwa mtu anayerudishwa dirishani, marefu maana yake ni hayapo. Kisha alimweleza kila kitu kitakavyokuwa, kwa utaratibu, na baada ya kila jambo alingoja Shamima atafsiri, akamtazama Médiatrice usoni aone kama limefika. Alimwambia pia kwamba anaweza kubadili nia, leo au mezani pale pale, na hakuna atakayemkasirikia. Akaleta fomu.

Médiatrice hakuishika kalamu. Alimwambia Shamima amwambie sista kwamba kuna jambo, na kwamba sista akilijua labda hatataka. Akaeleza orodha. Majina arobaini na matatu, la kwanza lake. Alikuwa anatazama sakafu.

Sista aliuliza mara mbili kama amesikia sawa. Halafu akavua miwani.

"Mwambie orodha yake haijui fomu yangu, na fomu yangu haiijui orodha yake," alisema. "Hapa karatasi inakaa hapa. Asiogope. Lakini mwambie na hili. Mimi nina funguo mbili za kabati hii na chupa ya chai. Orodha zile zikifika nyingi, watakuja kuchukua funguo. Leo yeye atapita. Wa kesho je?"

Fomu ilikuwa na mistari mingi, lakini wa kusaini ulikuwa mmoja. Médiatrice aliutafuta wa pili, akageuza ukurasa kuutafuta nyuma. Haukuwapo. Palikuwa na nafasi ya jina moja, la mwenyewe.

Basi hapo, kama bado hujakipata, kitendawili changu kimefunguka. Nyumba ni mwili wake, na asubuhi ile hakubisha hodi. Sasa nipe mji wangu. Nitachukua Durban hii hii, na hospitali yake, na mlango wa mikate.

Alisaini. Yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko kusuka upande mmoja wa kichwa. Aliumwa tumbo kama siku mbaya za mwezi, akapumzika kitandani, akapewa chai kutoka chupa ya sista, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Saa tano alikuwa nje, na Shamima alimpandisha teksi akakaa mbele. Nyumbani Ladislas alikuwa hajaenda kazini. Alikuwa amepika uji, ukashika chini, akampa hivyo hivyo, akamchukua Carmel. Jumamosi ilifika ikapita, na kule ghorofani kusikokuwa na kibao, mtu alimngoja mwanamke ambaye angekuja na khanga ya zamani, asimwone.

*

Jumapili wageni wa kanisa kubwa walikaa mstari wa mbele, bwana mmoja na mabibi wawili. Pasta Anaclet alivaa tai. Baada ya nyimbo alimwita mwandishi alete karatasi safi.

Médiatrice alikuwa ameinakili, kama alivyoagizwa, herufi wima, majina yote. Lakini juu, mahali palipokuwa na Kiingereza, alikuwa ameandika chini yake Kiswahili chake, kama Shamima alivyomsomea. Alisimama mbele. Akaiweka karatasi mezani.

Alisema kwamba yeye ndiye aliyeandika majina ya watu hapa, hata ya wasiojua kuandika, na aliwaandika kabla ya kusomewa. Kosa ni lake. Sasa atasoma, kila mtu asikie alichoomba. Akasoma. Ilikuwa sentensi mbili tu. Kisha akasema jina la kwanza analifuta, akachukua kalamu, akalifuta kwa mstari ulionyooka.

Manung'uniko yalianza nyuma yakaja mbele. Baba mmoja alisema yeye ameridhika, jina lake likae, na likakaa. Mama mmoja alisema aliambiwa ni ya blanketi. Wageni waliulizana kwa Kiingereza kuna nini. Ladislas alikuwa anatazama viatu vyake. Halafu akanyoosha kidole kimoja, si juu sana, akasema "La pili pia," na akaendelea kutazama viatu.

Pasta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyevaa tai mbele ya wageni. Akasema kwa upole kwamba mama Elysée amechoka, ana mtoto mdogo, na kwamba hata kama karatasi haikuelezwa vizuri, jambo lenyewe ni jema. Je, kwetu ilikuwako sheria kama hii? Haikuwako. Na mama zetu hawakuzaa? Walizaa.

Akatabasamu, akanyoosha mkono apewe kalamu, majina yasifutwe tena.

Kwenye safu ya akina mama kiti kililia. Yaya Colette alikuwa amesimama. Alikuja mbele polepole, mkoba wake kwapani, mpaka akafika mezani, akainama juu ya bega la Médiatrice kama siku ile.

"Langu liko wapi?"

Médiatrice akamwonyesha kwa kidole.

"Futa. T zote mbili." Akangoja mpaka akaona wino umepita. Kisha akamgeukia pasta. "Mimi, pasta, bado nasema ni dhambi. Kesho ukiniuliza nitasema hivyo. Lakini dada mmoja aliniuliza kitu saluni, na tangu siku ile nasuka vibaya. Aliniuliza, kwetu, bila sheria, wanawake waliacha? Nilimwinamisha kichwa."

Colette alifungua mkoba, akatoa leso, akairudisha.

"Ile jina iko juu ya mlango wangu, mnaipita kila siku, mnafikiri ni urembo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda kwa mwenye dawa Jumatatu, na mimi ndiye nilimbebea khanga. Alhamisi tulizika." Alifunga mkoba, ukalia kidogo. "Hawakuacha, pasta. Ninahazwe hakuacha."